Kwenye Viazi Tulielewana

Profesa alikuwa akitembea na kiazi mfukoni. Kiazi kweli, kiazi mviringo cha Kipese chenye udongo wake, ndani ya mfuko wa lile koti la kahawia alilolivaa jua liwake au mvua inyeshe. Akiingia darasani alikitoa, akakiweka juu ya meza na kuuliza, "Hii ni bei gani?" Mwanafunzi mmoja alitaja bei ya soko la Butembo, mwingine bei ya shambani, mwingine ya Beni, na Profesa aliitikia kila jibu kana kwamba wote wamepatia. Halafu akasema, "Munaona? Kiazi ni kimoja, makelele ni mingi." Darasa zima likaangua kicheko. Mimi nilikuwa nikifundisha chumba cha pili, tumetenganishwa na ukuta wa mbao, na kicheko kile nilikisikia miaka nenda miaka rudi. Wanafunzi wangu nao walikisikia. Waligeuza shingo kuelekea ukutani, na mimi niko ubaoni na chaki yangu na mistari yangu miwili inayokatana.

Niseme mapema, ili msomaji asinitilie shaka baadaye: nilimwonea wivu mtu yule. Sikumwonea kidogo, na sikumwonea siku za mvua tu. Anayetaka kujua Profesa alizaliwa kilima gani na babu yake alikuwa nani, aende kwa watoto wake. Mimi namjua kwa kazi, kwa redio, kwa harusi na kwa viazi, na nitamweleza kama alivyonikera.

Tulifundisha uchumi wote wawili, katika chuo kikuu kimoja cha Butembo. Yeye alikuwa profesa. Mimi nilikuwa chef de travaux, cheo cha chini ya profesa, ambacho kwetu watu hukifupisha na kusema CT. Wananiita CT darasani, kanisani, sokoni na nyumbani kwa wakwe zangu. Nadhani wengine wamenifahamu nusu ya maisha yao bila kujua kama nina jina.

Mji wote ulikuwa na hakika kwamba sisi wawili ni maji na mafuta. Profesa alikuwa mtu wa wanyonge: serikali iingilie, bei ziwekwe, cha kwetu kilindwe. Mimi nilikuwa mtu wa soko: acheni watu wanunue na wauze. Ilianza siku redio ya mjini ilipotualika kwa mjadala wa Jumamosi. Mtangazaji alitaka moto, akatuelekeza viti viwili vinavyotazamana, na tangu siku ile kila mtu akabaki na kiti chake. Wanafunzi walikuwa wakiulizana, "Uko camp ya Profesa ao camp ya CT?" Camp ya Profesa ilijaza ukumbi. Yangu ilienea kwenye benchi moja na nafasi ikabaki, na waliokaa pale wengi walikuwa watoto wa wenye maghala, ambao hata ningesema jua linatoka magharibi wangeitikia, mradi nisiguse maghala.

Sasa kuna jambo ambalo mji haukulijua. Pale chuoni mitihani mikubwa husahihishwa na watu wawili, kila mmoja peke yake, bila kuonana. Yetu ilipofika kwa katibu wa fakultati, mama mmoja mwenye miwani ya kamba, alituangalia juu ya miwani yake.

"Mais nyinyi babili," akasema, "ku radio munapigana sawa paka na imbwa. Mbona ku copies za batoto munapatana kila siku?"

Profesa alicheka. Mimi sikucheka, kwa sababu lilikuwa swali langu.

Tulikuwa tukipatana karibu kwa yote. Kabla ya kila mjadala tulisubiri kwenye couloir ya redio, ujia mwembamba wenye benchi na thermos ya chai. Alijimiminia chai, akaweka sukari hadi kijiko kikasimama, akaniuliza.

"CT, tuanzie ku mizizi. Tukifunga mupaka ku Kasindi, bei ya farine itapanda ao itashuka?"

"Itapanda."

"Itapanda. Na bacamion batapita fasi gani?"

"Njia za panya."

"Njo ile," akasema, na kupuliza chai yake. "Tunasikilizana."

Kisha mlango ukafunguliwa, taa nyekundu ikawaka, na mtu huyohuyo akainamia kipaza sauti akasema, "Batoto ba kwetu balime, batoto ba kwetu bakule. Kwanza ya kwetu!" Nje ungesikia waendesha pikipiki wakipiga honi. Mimi nikabaki na kazi ya kueleza bei ya unga na njia za panya, mambo ambayo tulikuwa tumekubaliana muda mfupi uliopita, na kila nilipomaliza sentensi nilihisi mji mzima ukinichukia kupitia redio zake ndogo.

Kwa muda mrefu nilidhani ni mwongo. Ilinichukua miaka kugundua kwamba hakuwahi kudanganya hata mara moja. Ukimsikiliza vizuri, hakusema bei itashuka. Hakusema magendo yatakoma. Alisema tu nani asiachwe. Nilipomkabili kwa hilo, akanipa lile neno lake ambalo baadaye nililisikia kinywani mwa kila mtu, hata kinywani mwa kinyozi wangu.

"Baéconomistes bote banajua mvua itanyesha fasi gani, CT. Banagombana tu juu ya nani alowane."

"Ile si économie," nikamwambia. "Ile ni politique."

"Sasa batu banatuita juu ya nini? Mvua banaionaka bo benyewe."

Alikuwa na majibu ya aina hiyo, mafupi, ambayo unayapatia dawa ukiwa umeshalala kitandani. Mke wangu alizoea kusikiliza mjadala huku akichambua sombe, majani ya muhogo, na niliporudi alinikaribisha vizuri, akaniwekea ugali wa bundu wa moto na samaki, halafu bila nia mbaya akasema, "Lakini Profesa anasemaka muzuri." Ningependa kusema kwamba nilizoea, lakini sikuzoea.

Na kama mtu angetafuta makosa yake, yalikuwa mengi na ya wazi. Alihubiri tununue vya kwetu, na viatu vyake vilitoka Kampala, vikapita Kasindi kama kila kitu. Mwanafunzi mmoja alimwonyesha kidole mbele ya darasa. Profesa akainua mguu juu ya kiti ili wote waone, akasema, "Miguu yangu ni libre-échange, haina mupaka. Kichwa ndio bado." Niliposikia kicheko kutoka upande wa pili wa ukuta, nilijiuliza: ningevaa mimi viatu vile, wangecheka au wangenizomea? Alilala kwenye mikutano ya fakultati, mikono juu ya tumbo. Hakuandika makala hata moja, niliandika mimi. Alisoma zangu zote, neno kwa neno, akanirudishia na kusema, "Ni kweli yote. Sasa nani atasoma?" Ilikuwa sifa, na ilikuwa tusi, na mpaka leo sijui ipi ilikuwa nzito zaidi.

Sokoni mambo yaligeuka kichekesho. Yeye, adui wa soko, hakubishana bei kamwe. Alilipa bei ya kwanza aliyotajiwa, hata ya kumwibia. Mimi, rafiki wa soko, nilishusha bei mpaka muuzaji akanigeuzia mgongo. Kina mama wa viazi walipomwona walifuta mikono kwenye vitenge vyao: "Papa Profesa! Wasingya!" Wakamshukuru hivyo kabla hajanunua, wakamwekea viazi vya nyongeza, na hicho cha mfukoni kilitoka hapo. Waliponiona mimi, mmoja wao alikuwa akisema kwa sauti ya kusikika, "CT naye amekuja na théorie yake."

Lakini mahali alipokuwa mfalme kweli ni kwenye mahari.

Kwetu mahari ni mbuzi, na kila upande huwa na msemaji. Wasemaji wawili hukutana kwanza nyuma ya nyumba, karibu na jiko, wakapatana yote kwa sauti ya chini: mbuzi wangapi, jembe, blanketi la mama. Kisha huingia sebuleni mbele ya jamaa zote na kugombana kana kwamba ndiyo kwanza wanaonana. Upande wa binti hudai mbuzi kama mchanga. Upande wa kijana hulia ufukara, kuhara kwa mifugo na ubaya wa barabara. Watu hucheka, mashangazi hupiga vigelegele, na mchana ukipinda wanafika palepale walipofika nyuma ya nyumba. Kila mtu anajua, na hakuna anayesema. Profesa alikuwa akitafutwa mpaka Beni kwa kazi hiyo, na nina hakika huko ndiko alikojifunzia redio.

Mara moja nilipewa mimi. Mpwa wa mke wangu alikuwa anaolewa, na shemeji zangu wakasema, si tuna CT, mtu aliyesoma? Nilikwenda nyuma ya nyumba na msemaji wa upande wa pili, tukapatana upesi, maana mambo yalikuwa wazi. Nikaingia. Nikaona viti vimejaa, wazee wamechoka, harufu ya nyama imeenea, wingu linakuja kutoka milimani. Nikajiambia, kwa nini tuwapotezee watu siku yao? Nikasimama nikasema, "Tumekwisha kupatana. Hesabu ya mbuzi inajulikana, na wako njiani. Tuombe, tule."

Shangazi mkubwa akaweka mikono kichwani. "Kumbe mutoto yetu ni wa kutupa?" Nyuma ya pazia binti akaanza kulia. Hata upande wa kijana ulianza kunong'ona, na baba yake akauliza waziwazi, "Banatupatia mwanamuke bila kumugombania. Iko na ubaya gani?" Nikasimama pale katikati ya zulia na ukweli wangu mikononi, na hakuna aliyeutaka.

Profesa alikuwa amealikwa kama mgeni, rafiki wa baba wa kijana. Aliinuka polepole, akalivuta koti lake, akasema kwa sauti ya redio:

"Mi nakataa."

Vichwa vyote vikageuka.

"Nakataa! CT anasema mbuzi ziko mu njia. Njia gani? Tunazijua mbuzi za bandugu zangu hawa. Moja inakohoaka. Ingine ni mzee kuliko mi. Na mutoto huyu, benye kupika sawa yeye balibakia bangapi mu Butembo?"

Alikuwa amekaa upande wa kijana na akawa anautetea upande wa binti, na hakuna aliyejali. Baba wa kijana aliruka kuzitetea mbuzi zake, shangazi akamjibu, vita ikawaka, vigelegele vikapasua bati. Nyuma ya pazia binti alikuwa anacheka. Wingu likaja, likanyesha, likaondoka, na jioni wakafika kwenye hesabu ileile niliyoitaja mimi mwanzoni. Mama wa binti akamshika Profesa mikono yote miwili akamshukuru. Mimi alinipitishia sahani.

Tulirudi pamoja kwa miguu, tukiruka madimbwi. Nilikuwa na hasira, nikitangulia hatua mbili. Alizungumza yeye.

"Ulisema kweli, CT. Mais ulisema mbio sana. Mutu wenye banakubalia mbio, anajua hawamutake."

Nilidhani ananifundisha harusi.

Nimefika sasa kwenye mwaka wa viazi, na hapa ndipo wivu wangu ulipopata mfupa. Mvua ilikata barabara ya Kipese, huko viazi vinakotoka. Malori yalizama kwenye matope, viazi vikawa haba mjini, na bei ikapanda kila asubuhi. Watu walianza kuwaita kina mama wa soko wezi. Meza ya mmoja ilipinduliwa mchana kweupe. Wakubwa wa mji wakaandaa amri ya bei ya juu kabisa ambayo hakuna anayeruhusiwa kuipita, na redio ikatuita.

Kwenye couloir Profesa hakumimina chai. "CT, bakiweka ile bei, viazi vitabakia ku soko?"

"Ata kimoja. Vitalala ku manyumba."

"Njo ile," akasema. "Vitalala ku manyumba." Akatoa kiazi chake, akakigeuza, akakirudisha mfukoni.

Ndani ya studio akasema, "Bei iwekwe, na iwekwe leo. Na kesho kila mutu mwenye jembe anifuate ku barabara." Mimi nikasema bei iachwe, kwa sababu ni hiyo hiyo bei itakayomfanya mtu atafute njia nyingine ya kuleta viazi, ukiifunga, umefunga na njia. Nilikuwa sahihi. Niko sahihi hadi leo. Nilipotoka nje, waendesha pikipiki walinizunguka: "CT, bacommerçants balikupatia ngapi?" Muuza makaa alikataa kumuuzia mke wangu.

Amri ikabandikwa. Viazi vikatoka sokoni siku hiyohiyo. Nilikwenda kuona kwa macho yangu, na sitaficha kwamba nilitembea kati ya meza zile tupu nikiwa na furaha. Viliuzwa jioni, nyuma ya milango, kwa wanaojuana. Kisha barabara ikafunguka, malori yakaingia, na karatasi ya amri ikaachwa ichanwe na upepo. Nikasubiri. Nilijua lazima mtu mmoja, hata mlevi, atasema CT alionya. Walichosema ni kwamba wafanyabiashara walificha viazi, kwa hiyo Profesa alikuwa sahihi kutaka bei iwekwe. Hata mke wangu, nilipomlalamikia, alifikiri kidogo akasema, "Lakini Profesa alitoka na jembe."

Alitoka na jembe, ni kweli. Kabla barabara haijafunguka nilikuwa nimemfuata huko. Nilimkuta na wanafunzi wake, matope yamefika magotini, viatu vya Kampala vimekwisha. Nikamvuta pembeni. Sikutaka cheo wala zawadi. Nilitaka neno moja, kwamba nilikuwa sahihi, na tangu siku ile nimelitaka kuliko kitu kingine chochote katika kazi hii.

"Profesa, sema tu mara moja ku radio: CT iko na haki."

Akaegemea jembe. "Ku viazi tunasikilizana, CT. Ku batu njo hatusikilizane. We uliangalia soko, uliona viazi. Mi niliangalia soko, niliona bale bamama benye bangepigwa kesho yake. Ile karatasi inabakinga."

"Lakini viazi vimeisha."

"Vimeisha. Nilijua vitaisha."

"Basi sema."

"Nikisema, karatasi inakufa," akajibu, akainama kuendelea kuchimba.

Nimelifikiria jibu lile mara nyingi. Ni kweli kwamba baada ya amri hakuna mama aliyepigwa. Lakini huenda hawakupigwa kwa sababu hawakuwa na viazi vya kuuza, na hawakuwa sokoni. Hesabu hiyo sijaimaliza. Ninachojua ni kwamba barabara ilifunguka, karatasi ikafa yenyewe, hakuna aliyebaki wa kukingwa, na bado hakusema. Jumamosi iliyofuata tulizungumzia bei ya mafuta ya gari. Sikumwomba tena, maana kuomba mara mbili ni kuomba kwa magoti, lakini kila taa nyekundu ilipowaka nilimtazama mdomoni. Kisha akastaafu, akahamia Beni kwa binti yake. Chumba cha pili akapewa kijana mmoja mpole, na ukuta wa mbao ukanyamaza. Wanafunzi wangu hawakuwa na pa kugeuzia shingo tena. Ningetarajia kufurahi.

Mwaka huu chuo kilinituma Beni kusimamia mitihani. Barabara ilikuwa tulivu wiki hiyo. Dereva aliuliza kwenye kila kizuizi kama mbele kuko shwari, askari wakamjibu kwa Kilingala chao, tukapita. Nilipomaliza kazi nikaomba kuonyeshwa nyumba yake, katika komini ya Ruwenzori. Nilijiambia ni heshima ya kawaida kwa mkubwa wa kazi. Lakini njia nzima nilikuwa nikipanga maneno.

Nilimkuta barazani, ndani ya koti lile lile, ambalo sasa lilikuwa limemzidi ukubwa. Ugonjwa ulikuwa umempiga upande mmoja. Mkono wa kushoto ulilala mapajani. Majirani walikuwa wamemzunguka kwenye viti na vigoda, kama watu waliozoea. Binti yake alinipokea kwa mikono miwili. "Karibu, papa CT. Kaa." Mzee mwenye duka hapo jirani akapiga makofi. "CT wa radio! Adui ya Profesa! Leo njo tutasikia!"

Nilimsalimu. Alinitazama kwa muda, jicho moja likatabasamu kabla ya lingine.

Hawakunipa hata muda wa kunywa maji. Bei ya unga ilikuwa imepanda, na mama mmoja aliyembeba mjukuu mgongoni akauliza kama ni vizuri wakubwa waweke bei. Wote wakanigeukia. Nikasema nilichosema siku zote, polepole, bila mistari inayokatana: ukiweka bei ya chini kuliko ile inayoleta unga mjini, unga utatoka dukani, uingie vyumbani, na maskini ndiye asiyejua mlango wa kugonga.

Profesa akainua mkono wake mzima.

"CT iko na haki," akasema.

Alisema mbele ya watu, barazani, mchana. Nilitamani mke wangu angekuwepo, na waendesha pikipiki, na muuza makaa. Nilikuwa natafuta la kujibu yule mama aliponitangulia.

"Hapana! Bei iwekwe. Batu banakufa na njaa."

"Mama iko na haki," akasema Profesa, kwa sauti ileile, mkono uleule.

"Mi nasema bafunge mupaka tu," akasema mwenye duka.

"Njo ile. Uko na haki."

Binti yake aliinama kuniwekea chai, akaninong'oneza, "Musikasirike, papa CT. Tangu ugonjwa, papa anakubaliaka bote. Njo maana majirani banapendaka kuja."

Nilikunywa chai ile bila kuonja sukari. Nililipata neno langu, likagawiwa barazani kama karanga za matanga, kila mtu konzi yake. Nikamwonea wivu hata kwa hilo: alikuwa amepata njia ya kupendwa na watu wote kwa pamoja, na hakuhitaji tena hata mimi wa kuchukiwa upande wa pili.

Matone yalianza kuanguka, majirani wakabeba vigoda vyao wakaenda. Binti akaingia ndani kutazama chungu. Tukabaki wawili tunaangalia mvua. Sijui nini kilinisukuma. Nadhani nilitaka kumaliza, nijue kama kuna mtu bado ndani ya koti lile. Kama atakubali na hili, basi nitaaga, nirudi Butembo, nisimfikirie tena.

"Profesa," nikasema, "ule mwaka wa viazi. Ile bei balibandika. Bakiweka bei vile, viazi vinabakiaka ku soko. Vinajaa kabisa. Si ndiyo?"

Ni jambo ambalo hatukuwahi kuliamini, yeye wala mimi, hata siku moja.

Mkono mzima ukatafuta mfuko, ukatoka na kiazi, kimoja kidogo kilichoanza kuota. Nadhani binti humwekea. Akakigeuza, akakigeuza tena. Mdomo ulihangaika.

"Hapana," akasema.

"Hapana nini, Profesa?"

"Ile, hapana. Vitalala ku manyumba." Akapumua kwa shida. "Nilikuambia ku couloir."

Akanielekezea kiazi kama alivyokuwa akiwaelekezea wanafunzi, na sauti ya redio ikatoka, imepasuka lakini ni ileile: "We CT! Unadanganya juu ya nini?"

Binti alitoka mbio, kijiko mkononi. Akamtazama baba yake, akanitazama mimi ninayefuta macho.

"Papa iko na nini?"

"Anakataa," nikamwambia.

"Anakataa? Papa? Hapana, papa hakataliaka mutu."

"Ananikatalia mimi."

Alibaki ameduwaa mlangoni, maana nilikuwa nacheka. Profesa alikuwa anarudisha kiazi mfukoni, bado ananitikisia kichwa, amekasirika kweli. Nikavuta kiti changu karibu na chake, nikamwambia amekosea.